Kitufe Kinacholeta

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, mtihani wa kidato cha nne unanisubiri, na juzi tu nimechapwa fimbo mbili kwa kuchelewa mstarini. Lakini nimestaafu kihalali: nimerudisha ufunguo wa chumba cha kompyuta, nimesaini daftari, na mlinzi wa kituo ameniambia, "Pumzika kwa amani, Zuhura." Nikamwambia maneno hayo huambiwa marehemu. Akanijibu kwamba kazi ikiisha, yote ni mamoja.

Nyinyi wa kidato cha pili ndio mnaoachiwa Jumamosi zangu. Mlezi wa gazeti hili la ukutani ameniomba niwaandikie uzoefu wa miaka miwili, "mafanikio na matatizo". Mafanikio nitayamaliza haraka. Tatizo ni moja, nalo ni mimi.

Kwa asiyejua: nyuma ya shule yetu, ukivuka ua wa minyaa, kipo kituo cha walimu. Walimu wa shule za msingi hutoka vijijini kuja pale kujinoa. Siku hizi za soko huria kila kitu kinatufikia kikiwa kimeshatumiwa na wenzetu: suruali za mtumba, mabasi ya mtumba, na mwaka juzi zikaja kompyuta sita za mtumba, kila moja nzito kama gunia la mtama. Akaja na mkufunzi kutoka chuoni. Akawafundisha walimu siku tano, akawaachia kijitabu cha Kiingereza, akaondoka na tai yake. Walimu wakabaki wanazitazama kompyuta, kompyuta nazo zinawatazama.

Mkuu wa kituo akaja kwetu kuuliza kama kuna mwanafunzi anayejua chochote. Mama yangu ni mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Walipomwondolea taipureta yake wakampa kompyuta, alilia siku mbili, siku ya tatu akaanza kujifunza, na mimi likizo nzima nilikaa ubavuni kwake kwa sababu nyumbani Area D hakukuwa na kichekesho kikubwa kuliko hicho. Nikajua mambo manne: kuwasha, kuandika, kuhifadhi na kuchapa. Kwa mambo hayo manne nikaitwa mtaalamu. Nchi hii ukijua vitu vinne ni mtaalamu. Ukijua vitano wanakupa gari.

Haya, kazi yenyewe.

Adui wa kwanza ni vumbi. Mnalijua vumbi la kwetu, linaingia hadi ndani ya yai. Kwa hiyo kila mtu anavua viatu mlangoni, awe mwalimu mkuu, awe mgeni. Hilo msilegeze. Lakini mjue mnamfanyia nini mtu. Mwalimu mwenye koti na tai anaheshimika hadi kwenye kizingiti. Akishavua viatu, kidole gumba kimechungulia nje ya soksi kinawasalimu. Mimi nilizipa soksi majina. Kulikuwa na Dirisha la Posta. Kulikuwa na Amani na Utulivu, iliyoshikiliwa na uzi mmoja tu. Rehema, ambaye alikuwa msaidizi wangu na sasa ndiye bosi wenu, alikuwa akikimbilia nje kucheka. Walimu hawakuwa viziwi. Wengine waliacha kuja, na mimi nikasema kompyuta imewashinda.

Jambo la pili ni kipanya. Mtu mzima akikishika mara ya kwanza anakishika kama yai la kuazima. Anakisukuma, anakisukuma, meza inaisha, mkono umefika dirishani, hajui kwamba anaweza kukinyanyua akakirudisha. Msimnyang'anye. Kaeni juu ya mikono yenu ikibidi. Mimi nilikuwa nanyang'anya. "Lete, mwalimu, lete," nakichukua, tik tik, nimemaliza, nafunga mikono kifuani. Siku nzima chumba kile kilisikika hivyo: lete, mwalimu, lete. Nilijiona mwepesi. Kumbe nilikuwa najifundisha mwenyewe mambo ninayoyajua, mbele ya watu.

La tatu ni kuhifadhi. Maji ya bwawa la Mtera yakishuka, mgao wa umeme unaanza, na umeme hauagi. Mfundisheni mtu ahifadhi kila baada ya sentensi mbili, kama anayekohoa.

Aliyelishika somo hilo kuliko wote alikuwa Mwalimu Chibago, na sasa sina pa kumkwepea, ngoja nimlete.

Mwalimu Chibago anafundisha hisabati darasa la saba, shule moja ya njia ya Hombolo. Huja kwa baiskeli. Yeye hakuwa na soksi ya kuipa jina: huvaa makubazi ya tairi, na akiyavua hukung'uta nyayo zake kwa kitambaa, taratibu, mguu mmoja kisha wa pili, kama mtu anayeingia kanisani. Anasema "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, kwa wote waliomo. Halafu siku ya kwanza akanigeukia mimi, nywele zake nyeupe hivi, akasema:

"Shikamoo, mwalimu."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

"Nje ya mlango ule wewe ni mwanangu," akasema. "Humu ndani, anayejua ndiye mkubwa."

Binti aliyelelewa angesema, hapana mwalimu, shikamoo ni yako. Mimi nilijiweka sawa kitini nikaitikia, "Marahaba. Hujambo?" Rehema karibu azimie. Na kuanzia hapo kila Jumamosi ikawa hivyo hivyo, yeye shikamoo, mimi marahaba, na nilikwenda kulisimulia bwenini kwa sauti zote mbili.

Alikuwa anaandika maswali yake. Si maswali ya kitabuni. Alikuwa akiyatunga mwenyewe kwa miaka mingi, mia mbili na kumi, na yalikuwa hivi: "Chilewa amechunga mbuzi kumi na wanne. Watatu wamekula zabibu za jirani, jirani amewafungia. Wawili wamezaa njiani, mmoja pacha. Chilewa atafika nyumbani na mbuzi wangapi, na atamwambia nini baba yake?" Sehemu ya pili ilikuwa na alama moja. Niliwahi kumuuliza anaisahihishaje. Akasema, "Nampa alama asiyesema uongo."

Maswali hayo yalikuwa kwenye madaftari, na mchwa walikuwa wameshaanza kuyasahihisha kabla ya wanafunzi. Ndiyo sababu alijifunza kompyuta. Alichapa kwa kidole kimoja, muhula mzima. Ukurasa alioumaliza alimpa mkewe awashie moto, maana ulikuwa umebaki chujio. Kazi yote ilikaa kwenye disketi moja, aliyoichomeka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani.

"Hii mchwa hali," aliniambia, akilipigapiga jalada la kitabu.

Mpango wake ulikuwa mmoja. Siku ya kufunga mafunzo, kila mwalimu angeonyesha kazi yake mbele ya wageni na kuichapa kwa printa ya kituo, nakala za darasa zima. Darasa lake la saba lilikuwa linangoja mtihani. Kipindi ni dakika arobaini. Thelathini zilikwisha kwa watoto kunakili maswali ubaoni, na aliyekaa nyuma kabisa alinakili mbuzi kumi na tisa badala ya kumi na wanne. Akiwa na karatasi, alisema, dakika zote zingekuwa za kufikiri.

Sasa njooni Jumamosi ya mwisho kabla ya wageni.

Mwalimu Chibago alikuwa amejua yote isipokuwa kugonga kipanya mara mbili ili kufungua kazi. Vidole vyake ni vya jembe na chaki. Tik. Kisha... tik. Kati ya tik ya kwanza na ya pili ungeweza kunywa chai. Siku zote nilimfungulia mimi: lete, mwalimu, lete.

"Mwalimu Zuhura," akasema, "hii ya mara mbili inanishinda. Mbele ya wageni nitaaibika. Hakuna kitufe cha kuiambia tu, lete kazi yangu?"

Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na njaa, na utani ulikuwa umelala pale pale juu ya kibodi, mweupe kwa maandishi meusi. Sikuutafuta. Ndivyo watani wote tunavyojitetea.

"Kipo," nikasema.

"Kipi?"

"Hicho hapo. Kisome mwenyewe."

Akainama, akakisoma kama tunavyosoma sisi, silabi kwa silabi. "De-le-te."

"Umesikia? Lete. Unaigusa kazi yako kwa mshale mara moja tu, unabonyeza hapo, inaletwa."

Nyuma yangu Rehema alitoa sauti kama birika.

"Moja kwa moja?"

"Itakuuliza kwanza kama una hakika. Si unamjua mtoto ukimtuma dukani? Lazima aulize tena. Wewe mjibu Yes."

Hakucheka. Nilikuwa nimengoja acheke, aseme "we binti we", nami niseme hapana mwalimu, hicho kinafuta, usikiguse kamwe. Badala yake alitoa daftari lake dogo mfukoni, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima: *Delete: huleta kazi (Mwl. Zuhura).*

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilifungua mdomo. Wakati huo huo mkuu wa kituo akaniita barazani, akaniambia siku ya wageni nitapewa zawadi kwa kujitolea kwangu. Niliporudi ndani nilikuwa naelea, na Mwalimu Chibago alikuwa ameshavaa makubazi yake. Nikasema moyoni, nitamwambia Jumamosi asubuhi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napiga pasi blauzi.

Wageni walikuja kutoka wilayani, wakavua viatu kama watu wengine. Mimi nilikaa mstari wa mbele. Mwalimu wa kwanza akaonyesha kazi yake, wa pili akaonyesha. Wa tatu alikuwa yeye. Kwenye keria ya baiskeli yake alikuwa amefunga boksi tupu la sabuni, la kubebea karatasi za watoto. Aliingia nalo ndani akaliweka miguuni.

"Wageni wetu," akasema, "mimi nimeanza kazi hii na ubao uliokuwa mlango wa ghala. Leo mtaona."

Akatia disketi. Akasogeza mshale, akakinyanyua kipanya vizuri kilipofika mwisho wa meza, akakirudisha, akagonga mara moja. Jina la kazi likawa la buluu. Akatoa daftari mfukoni, akalitazama, akabonyeza.

Kisanduku cha swali kikatokea. Una hakika?

Akageuka akanitazama mimi. Alikuwa anatabasamu, kama mtoto aliyekumbuka jibu. Wadogo zangu, nilikuwa na muda. Msidhani mambo haya hutokea kwa kufumba na kufumbua. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema "ngoja". Lakini nikisema ngoja, wageni watauliza ngoja nini, na nitasema nini, na zawadi ipo mezani imefungwa kwa karatasi yenye maua. Nikainamisha kichwa nikatazama soksi zangu. Zilikuwa mpya.

Nikasikia kitufe. Nikasikia disketi ikikoroma, krr, krr, kisha kimya.

Alingoja. Chumba kizima kilingoja.

"Inaleta," akasema. "Samahani, wageni. Inaleta."

Niandike hapa somo la nne, ingawa linaniuma mkono. Ukifuta kitu kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe, kinakwenda kwenye kapu, unaweza kukiokota. Ukifuta kilicho kwenye disketi, kapu hakuna. Mgao wote wa umeme wa mwaka ule haukumpotezea Mwalimu Chibago hata nukta moja. Kilichomaliza kazi ni utani wa dakika moja.

Mkuu wa kituo akaja kutazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umefuta." Mgeni mmoja, mtu mwema tu, alitaka kupunguza uzito wa jambo, akasema, "Mzee wangu, wewe ungebaki na chaki yako." Watu wakacheka.

Na mimi nilicheka. Hili ndilo ninaloliandika polepole. Sikucheka kwa furaha. Nilicheka kwa sababu kila mtu alicheka na asiyecheka angeonekana.

Mwalimu Chibago alisema, "Nimekosea mimi. Mwalimu wangu alinifundisha vizuri, kichwa ndicho kimezeeka." Akachukua boksi lake tupu, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akilifunga tena kwenye keria, kwa kamba ile ile, mafundo yale yale, kana kwamba lina kitu ndani.

Zawadi yangu ilikuwa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Sitaki kuongeza neno.

Jumamosi tatu hakuja. Nikamuuliza mwalimu jirani yake. Akasema, "Chibago? Anasema zake na za kompyuta haziivi. Anasema wengine tumeumbwa kwa ajili ya chaki." Jumapili nilipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, nilimwambia mama habari hiyo, bila ile sehemu yangu, nikamuuliza kama ndiyo maana naye alilia alipopewa mashine. Mama alikuwa anachambua mchicha.

"Nani alililia mashine?" akasema. "Kulikuwa na vijana wawili wa masjala wanasimama mlangoni kunicheka. Nilikuwa nawalilia wao."

Akaendelea na mchicha wake. Mimi nilishindwa kula usiku ule.

Kesho yake nilitoroka shule. Mlezi wa gazeti, ukilisoma hili, fimbo zake nimeshapata. Niliazima baiskeli nikaenda hadi shuleni kwake. Nilimkuta darasani, mgongo kwangu, ubao umejaa mbuzi. Watoto, vichwa chini, wananakili. Aliponiona mlangoni akaweka chaki chini, akajifuta mikono.

"Simameni!" akawaambia. "Huyu ndiye mwalimu wangu."

Darasa zima likasimama, watoto zaidi ya sitini, wengine wamenizidi urefu. "Shikamoo, mwalimu!"

Nawaambieni, hakuna fimbo inayofikia hapo. Sikuitikia. Nikamwomba nje, tukasimama kando ya dirisha, na nikamwambia yote. Delete si lete. Nilijua. Nilitania, nikasahau, nikakumbuka, nikanyamaza. Kichwa chako hakijazeeka, mwalimu. Ulibonyeza sawasawa, ulifanya kila nilichokufundisha.

Ndani, watoto walikuwa wameanza kupiga kelele, naye hakuwakemea.

"Wale wageni," akauliza hatimaye, "walipocheka, ulikuwa umeshajua?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukacheka?"

"Ndiyo."

Akatoa daftari lake dogo. Akafungua ukurasa ule ule, hakuutafuta.

"Maana yake hasa ni nini?"

"Futa."

Akakata *huleta kazi*, akaandika juu yake *hufuta*. Kalamu ikabaki hewani kidogo. Kisha ikashuka ndani ya mabano, ikakata herufi tatu na nukta yake, mstari mmoja, taratibu, kama anavyokung'uta miguu. Likabaki *Zuhura* peke yake.

"Rudi shule," akasema. "Utakosa vipindi." Akaingia darasani.

Watoto wale walifanya mtihani wao wakiwa wamenakili ubaoni, kama kaka zao na dada zao. Nilijitolea kumchapia maswali upya yeye akinisomea. Alikataa, bila ukali. Alisema alama moja nimeipata, zile nyingine ni zake kuzitafuta.

Kwa hiyo msimwamini anayewaambia nimestaafu kwa ajili ya mtihani. Nimestaafu kwa sababu Jumamosi iliyofuata safari yangu ile, Mwalimu Chibago alirudi. Nilikuwa barazani. Alivua makubazi, akakung'uta nyayo, akaingia, "Mbukwenyi!" Nikawahi nikasema, "Shikamoo, mwalimu." Akasema, "Marahaba, Zuhura. Hujambo?" Akapita hadi mezani kwa Rehema.

"Shikamoo, mwalimu," akamwambia Rehema.

Nilimwona Rehema akinitazama, macho yamemtoka. Sijui aliitikia nini. Nilikuwa nimeshakwenda kumtafuta mlinzi nimkabidhi ufunguo.

Amefika swali la thelathini na moja sasa, kwa kidole kimoja, akitunga upya pale alipolisahau la zamani. Anahifadhi kila sentensi. Siku moja itakuwa zamu yako, wewe unayesoma hapa ukutani huku unakwangua ndala. Ataingia, atakupa shikamoo, na utasikia utamu wake, maana ni mtamu kweli. Kabla hujaitikia, pitia kwanza kila neno ulilomfundisha, moja moja.